Jasho si Kupasha Misuli

Watembezi wa Mama Ngina hawashiki chuma, vijana wa jimu hawakimbii, na karibu wote huanza bila kuuandaa mwili. Mwandishi wetu amezunguka Kisiwa cha Mombasa akitafuta mahali mambo hayo yanapokutana.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, barabara ya Mama Ngina imeshaamka. Upande mmoja mawimbi yanapiga majabali, upande wa pili mibuyu mikongwe imesimama kimya. Kina mama wanatembea wawili wawili, buibui juu na raba chini, mikono ikienda kwa kasi. Mzee mmoja anatembea huku akivuta tasbihi.

Tuktuk inasimama. Anashuka mwanamume wa makamo, fulana imeshamganda mgongoni. Hatembei hata hatua kumi. Anafunga kamba za viatu, anapiga bismillahi, anatoka mbio kuelekea upande wa kivuko kama mtu aliyeona feri inafunga mlango. Kabla ya mbuyu wa tatu anashika nyuma ya paja, anachechemea hadi kwenye ukingo wa njia na kuketi.

Nilikwenda kumjulia hali. Alishangaa kuliko alivyoumia. Kwa hesabu yake mwili ulikuwa umeshapata moto, kwani jasho lilikuwa likimtoka tangu alipoamka. Usiku umeme ulikatika mtaani kwao, feni ikasimama, akalala akitota mpaka alfajiri. Moto gani tena alioukosa?

Hoja hiyo nimeisikia Kisiwani tangu utotoni, viwanjani Makadara na kwenye vyumba vya vyuma vya Bondeni na Majengo. Watu wa bara ndio wa kupasha misuli, huambiwa, kwa sababu kwao kuna baridi. Sisi wa Mvita tumezaliwa na moto. Ni maneno matamu, nayo yamewaacha watu wengi wakichechemea.

Joto la hewa na joto la misuli

Jasho ni maji ya kupozea. Mwili ukihisi joto la nje, huleta damu karibu na ngozi na kufungua vinyweleo ili maji yakikauka yachukue joto kwenda nalo. Mombasa, hasa wakati wa kaskazi kati ya Desemba na Machi, hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki bali hutiririka. Ndiyo maana mtu anaweza kutota akiwa ameketi barazani bila kuinua hata kikombe.

Misuli ya paja la mtu huyo aliyeketi haijaamka. Mtu akipumzika, misuli ya miguu na mikono huwa na joto pungufu kuliko sehemu za ndani kabisa za mwili. Kinachoipasha ni kazi yake yenyewe. Msuli ukijikunja hutumia nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo, karibu robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto badala ya mwendo. Kwa hiyo ukitembea dakika chache, halafu ukazidisha kidogo, unawasha jiko kutoka ndani.

Jiko hilo likiwaka, mambo kadhaa hufuata. Mishipa midogo ya damu hufunguka ndani ya msuli. Habari kutoka kwenye neva hufika upesi. Ute ulio ndani ya viungo hulainika, na goti lililokuwa likilia ngazini linanyamaza. Msuli wenyewe huvutika zaidi kabla ya nyuzi kukatika, tena hujikunja kwa nguvu zaidi.

> Jasho ni maji ya kupozea. Kinachopasha msuli ni kazi ya msuli wenyewe.

Moyo nao haupendi kushtukizwa. Mwaka 1973 watafiti wa California, wakiongozwa na James Barnard, waliwakimbiza ghafla wanaume wenye afya kwenye mashine ya kukimbilia na kupima umeme wa mioyo yao. Wengi walionyesha dalili kwamba moyo haukupata damu ya kutosha kwa muda ule. Walipopewa nafasi ya kujipasha kwanza, dalili hizo zilitoweka kwa wengi wao. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha. Wengi hawajui kuwa nayo. Kwa mji ambao watu wazima wengi huanza mazoezi siku moja tu baada ya daktari kuwatisha, kuanza kwa kishindo ni hatari ya bure.

Siku Mombasa ilipomshinda Bekele

Wapo wanaoshikilia upande wa pili. Wanasema kujipasha katika joto hili ni kujichosha kabla ya safari. Nao wana hoja, na ushahidi wake uko hapa hapa Kisiwani, kwenye nyasi za kilabu cha gofu kinachopakana na bahari.

Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika kwenye uwanja ule wa gofu. Ilikuwa Machi, mwezi ambao hata sisi wenyeji hutembea upande wa kivuli. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja bila kushindwa katika mbio za nyika tangu mwishoni mwa 2001. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 12, nazo zikageuka kuwa mtihani wa joto na unyevu. Katika mzunguko wa mwisho Bekele aliacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop wa Kenya akawa wa pili. Kwa upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbilia Uholanzi. Wanariadha wengi waliishia njiani, na watu waliofurika siku ile bado wanakumbuka machela zilivyokuwa zikipita.

Funzo la siku ile linasomwa vibaya na pande zote mbili. Mwili una kiasi cha joto unachoweza kukibeba kabla ubongo haujaupunguza mwendo. Mkimbiaji akijipasha kwa nusu saa juani, anaanza mbio akiwa ameshatumia sehemu ya akiba hiyo. Makocha wakubwa walijua hili kabla ya Mombasa. Kwenye Olimpiki za Athens za 2004, Deena Kastor wa Marekani alivaa fulana yenye barafu kabla ya marathoni na akarudi na medali ya shaba. Alichokuwa akikipoza ni kiwiliwili, huku miguu yake ikiendelea kupata moto.

Basi jibu kwa watu wa pwani ni kujipasha kwa kipimo. Dakika nane hadi kumi, kivulini, kwa mwendo mpole, maji yakiwa karibu. Mwenzetu wa Nyahururu atahitaji robo saa na sweta. Sisi tunahitaji muda mfupi zaidi, lakini tunauhitaji.

Watu wa chuma na watu wa njia

Kutoka Mama Ngina nilipanda hadi katikati ya mji, kwenye chumba cha jimu kilicho juu ya maduka. Feni tatu, kioo kimoja kirefu, vyuma vilivyochakaa rangi. Pembeni kulikuwa na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa simenti na kuunganishwa kwa paipu, urithi wa siku ambazo chuma halisi kilikuwa ghali. Vijana waliokuwa ndani wangeweza kuinua gunia la mchele kwa mkono mmoja. Nilipowauliza nani hukimbia, walitazamana.

Imani yao ni kwamba mbio zinakula misuli. Watembezi wa Mama Ngina nao wana imani yao: chuma humfanya mtu awe mzito, humvunja mgongo mwenye umri, na humfanya mwanamke atoke misuli ya kiume. Mji mmoja, mwili mmoja, umegawanywa nusu kwa nusu.

Hofu ya watu wa chuma ina asili ya kisayansi, na ni haki yao kuelezwa. Mwaka 1980 Robert Hickson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, alichapisha utafiti uliozua mjadala ambao haujaisha. Mwenyewe alikuwa mtu wa vyuma. Alipokwenda kufanya kazi kwenye maabara ya John Holloszy mjini St. Louis, alianza kukimbia pamoja na mkuu wake huyo, akaona nguvu zake zikipungua. Akaamua kupima. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu siku tano kwa wiki, la pili mazoezi ya pumzi siku sita, la tatu yote mawili, kwa wiki 10. Kundi la tatu lilipanda sawa na watu wa chuma kwa wiki saba hivi, kisha nguvu zikakwama na mwishoni zikashuka.

Lakini tazama hesabu. Siku tano za chuma na siku sita za mbio ngumu, ndani ya wiki ileile. Hakuna kijana wa Bondeni anayefanya hivyo, wala mama wa Kizingo. Zaidi ya hayo, kundi lile la tatu halikupoteza chochote upande wa pumzi: liliimarika sawa na wakimbiaji watupu. Mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 40 zilizofuata na kukuta kwamba kuchanganya aina mbili za mazoezi hakupunguzi ukubwa wa misuli wala nguvu ya juu kabisa. Kinachopungua kidogo ni ile nguvu ya ghafla, ya kuruka na kuchomoka, na hasa pale mambo yote mawili yanapobanwa katika kipindi kimoja.

Kwa lugha ya mtaani: usipokuwa unajiandaa kwa mashindano ya kuruka juu, huna sababu ya kuogopa.

Nao watu wa njia wasidhani chuma si chao. Mkimbiaji mwenye nyonga na mapaja yenye nguvu hutumia pumzi kidogo kwa kasi ileile, jambo ambalo limepimwa mara nyingi. Kambi ya Kaptagat alikojengeka Eliud Kipchoge ina vipindi vya kuimarisha misuli ndani ya wiki, kwa mikeka na mipira ya kuvuta. Kama bingwa wa marathoni anahitaji, mtembezi wa Mama Ngina anahitaji pia.

Kuhusu kina mama kutoka misuli ya kiume, niseme wazi kwamba hofu hiyo imewanyima dada zetu wengi kinga. Mwili wa mwanamke hauna homoni ya kiume kwa kiwango cha kumfanya avimbe kwa kuinua kilo kumi mara mbili kwa wiki. Anachopata ni mifupa migumu, na baada ya hedhi kukoma hiyo ni mali isiyonunulika.

Sukari inakokwenda

Kuna ugonjwa mmoja ambao unatosha kumaliza ugomvi huu, nao uko karibu katika kila nyumba ya Mji wa Kale: kisukari. Mahamri kwa mbaazi, chai ya maziwa yenye sukari tele, biriani ya Ijumaa, haluwa ya jioni, halafu kuketi. Sikusudii kuvitukana vyakula vyetu, ninavipenda. Tatizo ni kwamba mlo wa mtu aliyekuwa akipakua jahazi umebaki kwa mtu anayekaa dukani kwenye kiti cha plastiki.

Msuli ndio ghala kubwa la sukari mwilini. Mazoezi ya pumzi hulifungua ghala, mazoezi ya nguvu hulipanua. Mwaka 2010 watafiti wa Louisiana, wakiongozwa na Timothy Church, walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi tisa kwa watu 262 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliofanya mazoezi ya pumzi tu hawakupata nafuu ya maana katika kipimo cha sukari cha miezi mitatu ukilinganisha na wasiofanya. Walioinua vyuma tu, vivyo hivyo. Waliochanganya ndio waliopata nafuu iliyo wazi, ingawa muda wao wote ulikadiriwa usizidi sana ule wa wenzao.

Hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Watu wetu wanaambiwa na daktari watembee, nao wanatembea kwa utiifu mkubwa, miaka kwa miaka, huku nusu nyingine ya dawa ikiwa haijatajwa.

Makuli, hamali na deni la mwili

Mtu atauliza: wazee wetu walikwenda jimu gani? Hawakwenda. Walikuwa makuli wa Kilindini, mabaharia wa majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, wanawake waliochota maji kisimani na kutwanga kwa mchi. Kazi yenyewe ilichanganya nguvu na pumzi.

Mtafiti Ralph Paffenbarger aliwafuatilia makuli zaidi ya 6,000 wa bandari ya San Francisco kwa miaka 22, na mwaka 1975 akaonyesha kwamba waliofanya kazi nzito walikufa kwa maradhi ya moyo mara chache sana kuliko wenzao wa kazi nyepesi, karibu nusu. Kisha makontena na kreni vikafika, huko na huku, na mzigo ukashuka mabegani.

Hata hivyo sitaki kumwambia hamali anayesukuma mkokoteni Marikiti saa saba mchana kwamba ana bahati. Tafiti za karibuni kutoka Denmark, hasa za Andreas Holtermann, zinaonya kuwa kubeba mizigo kutwa bila mapumziko huweza kuuchosha moyo badala ya kuujenga. Mazoezi yana mwanzo, kilele na pumziko. Kazi ya hamali haina pumziko, na asubuhi hakuna anayempa dakika kumi za kuunyoosha mwili kabla ya gunia la kwanza. Wenye mizigo wangeweza kumpa. Hazina gharama.

Ngazi za Mji wa Kale

Ukitaka kuona nguvu za miguu zinavyoamua maisha ya mtu, ingia nyumba za Ndia Kuu au Kibokoni. Ngazi ni nyembamba, zimesimama wima, na giza lake linahitaji mkono mmoja ukutani. Nyumba hizi zilijengwa kwa watu wenye magoti.

Nimeona katika familia yangu na za majirani jinsi mambo yanavyokwenda. Kwanza bibi anapunguza kushuka: mara tatu kwa siku inakuwa mara moja. Kisha kitanda chake kinaletwa chini, kwenye chumba kilichokuwa cha wageni, na juu kunabaki kwa vijana. Halafu hatoki tena hata barazani. Kila mtu anasema ni uzee. Sehemu kubwa ni misuli iliyokwisha.

Baada ya miaka 30 mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Kutembea peke yake hakuzuii hasara hiyo. Msuli hubaki pale tu unapotakiwa kuinua kitu kizito kidogo kuliko ulivyozoea.

> Kila mtu anasema ni uzee. Sehemu kubwa ni misuli iliyokwisha.

Dalili nyingine iko msikitini, na naitaja kwa heshima. Tazama safu ya nyuma, viti vinavyoongezeka mwaka hadi mwaka. Wapo wenye maradhi na udhuru wa kweli, na dini imewapa nafasi. Lakini wengi walianza kuswali kwenye kiti kwa sababu ya kushindwa kuinuka kutoka sakafuni, na hakuna aliyewaambia kwamba uwezo huo unaweza kurudishwa. Mwaka 2012 daktari wa Brazili, Claudio Gil Araújo, na wenzake walitangaza matokeo ya watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliombwa aketi sakafuni na kuinuka bila kutegemea mkono wala goti, akapewa alama. Katika miaka iliyofuata, wenye alama za chini walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenye alama za juu. Kuinuka kutoka chini kunapima nguvu, ulaini wa viungo na mizani ya mwili kwa pamoja.

Mzee mmoja aliyeweza tena kuinuka sakafuni baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya miguu hana haja ya utafiti wowote. Ananiambia tu kwamba amerudi safu ya mbele.

Baraza inatosha

Wengi wataona jimu ni ghali, au ni mahali pa vijana, au hapana saa za wanawake peke yao. Haya ni malalamiko ya haki. Lakini kila nyumba ya zamani ina baraza ya mawe nje, na kila nyumba ya Mombasa, kwa shida zetu za maji, ina mitungi ya plastiki. Mtungi wa lita tano ukijaa una uzito wa kilo tano, wa lita kumi kilo kumi, wa ishirini kilo ishirini. Hakuna duka la vyuma linalopima kwa usahihi zaidi.

Kwanza ni kupasha. Tembea uchochoroni dakika tatu au nne, mwendo wa kwenda dukani, kisha mwendo wa mtu aliyechelewa. Simama ushike ukuta: zungusha vifundo vya miguu, bembeza mguu mbele na nyuma, zungusha mabega. Chuchumaa nusu mara kumi bila uzito. Hapo utahisi pumzi imezidi kidogo na viungo vimelainika. Kile cha kushika vidole vya miguu na kuning'inia dakika nzima, kiweke mwisho wa mazoezi. Kuvuta msuli mmoja kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kazi hupunguza nguvu zake kwa muda.

Kisha nguvu. Keti barazani na usimame bila kutumia mikono, mara kumi. Ikiwa ni rahisi, kumbatia mtungi. Weka viganja kwenye ukingo wa baraza upige pushapu za kuegemea. Inua mtungi kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yamekunjwa. Panda na kushuka kizingiti. Rudia mzunguko mara mbili au tatu. Anayeshika vyuma vya jimu naye asianze na kilo mia: aanze na chuma kitupu, aongeze kidogo kidogo, na seti hizo nyepesi ndizo kupasha kwake.

Halafu pumzi. Toka Ngomeni, pitia Treasury Square na Kizingo mpaka Mama Ngina, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida. Mwishoni usisimame ghafla. Punguza mwendo dakika chache, damu irudi kutoka miguuni, usije ukaona kizunguzungu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu yake siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu. Mwongozo wa zamani wa 2010 ulisema dakika zisihesabiwe zikiwa chini ya kumi mfululizo. Sharti hilo limeondolewa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kipi kitangulie siku ukichanganya? Kile unachokitaka zaidi. Mwenye lengo la nguvu aanze na nguvu akiwa mbichi, mwenye lengo la mbio aanze na mbio. Ukiweza kuvitenganisha, kimoja asubuhi kingine jioni au siku tofauti, ni bora. Kwa mtu wa kawaida tofauti ni ndogo.

Mwezi wa Ramadhani, wengi niliozungumza nao hupenda nusu saa kabla ya kufuturu. Kwa mwendo mwepesi si vibaya, maji yako karibu. Mazoezi mazito yangoje baada ya tarawehe. Na mwenye sukari anayetumia sindano asibadilishe lolote bila kumwuliza daktari wake. Vivyo hivyo mwenye kubanwa kifua, au anayeona kiza akipanda ngazi: apimwe kwanza.

Kilichobaki ni nafasi

Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyika hapo. Njia ni pana, viti vipo, upepo wa bahari haulipiwi. Wanaotembea wanahudumiwa. Wanaotaka kujenga misuli wanaishia kuning'inia kwenye matawi.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa ingeweza kusimamisha vyuma vichache vya kuning'inia na vya kupigia pushapu chini ya mibuyu ile, vya chuma kisicholiwa na chumvi, na vingine Makadara kwa ajili ya wakazi wa Mji wa Kale. Ingeweza pia kutenga saa za wanawake katika kumbi zake, na kumweka mkufunzi mmoja kila Jumamosi awafundishe watu jinsi ya kuanza. Ni gharama ndogo kuliko ya kumlaza mgonjwa mmoja wa kiharusi.

Yule mwanamume wa tuktuk nilimkuta tena wiki tatu baadaye, mahali palepale. Alikuwa akitembea polepole kandokando ya mibuyu, akizungusha mabega. Aliponiona alinionyesha saa yake: dakika ya saba. Nami nakuomba, msomaji, kesho alfajiri kabla hujakimbia au kuinua chochote, upe mwili wako hizo dakika kumi, kisha ukitoka njiani rudi nyumbani ushike mtungi.